Marubani wa Ndege za Mabomu, Milimita 54: Shajara ya Mradi wa Sanamu Tano

Hali ya sasa: sanamu nne ziko kabatini, moja imerudi mezani kwa sababu ya vanishi (tazama wiki ya 9).

Wiki ya 1: Kuchagua na kukataa

Sharti la mkusanyo huu ni moja. Mtu akifunika kibao cha jina kwa kidole, vazi peke yake limwambie huyu ni wa jeshi gani, wa mwaka gani, na alikaa kiti gani ndani ya ndege. Sanamu nyingi za marubani wa ndege za mabomu zinashindwa hapo. Kibao kinasema 1940, kichwani kuna kofia ya ngozi ya aina C iliyokuja 1941, miguuni kuna buti za 1943. Kanuni ya kuchujia ni rahisi: kifaa cha zamani kuvaliwa baadaye kinawezekana, na kilitokea kila siku, kifaa kuvaliwa kabla hakijatengenezwa hakiwezekani.

Waliopita:

1. Rubani wa Lancaster, sajenti wa RAF (jeshi la anga la Uingereza), mapema 1943. Resini.
2. Rubani wa B-17, Jeshi la Nane la Anga la Marekani, Septemba 1943. Resini.
3. Rubani wa Heinkel He 111, Ujerumani, kiangazi cha 1940. Madini.
4. Rubani wa Po-2, Kikosi cha 588 cha mabomu ya usiku, Jeshi la Kisovieti, mwishoni mwa 1942. Imechapishwa kwa printa ya 3D.
5. Nevigeta (mwongoza njia) wa Mosquito, RAF, mwisho wa 1944. Resini.

Huyo wa tano si rubani, na yumo kwa makusudi. Rubani wa RAF ana beji ya mabawa mawili kifuani; wenzake wote wa ndani ya ndege wana bawa moja lenye herufi ya kazi: N kwa nevigeta, B kwa mlenga mabomu, E kwa fundi wa injini, AG kwa mpiga bunduki. Wa kwanza na wa tano wakisimama bega kwa bega, tofauti haihitaji maelezo. Mfano wa sanamu hii ni Ulric Cross wa Trinidad, nevigeta wa Skwadroni ya 139, aliyepata nishani za DFC na DSO mwaka 1944 na miaka ya baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania.

Waliokataliwa ni marubani wawili wa Lancaster waliovalishwa jaketi la ngozi ya kondoo la Irvin, suruali yake, glavu nene na skafu juu. Majaketi hayo yalikuwepo na yalivaliwa, hakuna ubishi. Lakini bomba la joto la Lancaster lilifungukia karibu na fundi wa redio, na upande wa mbele wa ndege ulipata joto la kutosha. Marubani wengi waliruka na sare ya kazi ya bluu-kijivu juu ya sweta nene jeupe la shingo ndefu. Aliyeganda ni mpiga bunduki wa mkia. Mchongaji anayemvika rubani manyoya mpaka masikioni amempa nguo za mtu wa nyuma kwa sababu manyoya yanauza.

Neno kuhusu kipimo. Kwa skeli ya 1/32, mtu wa mita 1.73 anakuwa milimita 54. Shida ni kwamba watengenezaji wengine hupima kutoka unyayo hadi machoni, si hadi utosini. "Milimita 54" ya namna hiyo inafika 58 ukijumlisha paji la uso na nywele, yaani imeingia skeli ya 1/30. Usisome boksi, pima kichwa: kutoka kidevuni hadi utosini kiwe karibu milimita 7. Sanamu ikizidi wenzake kwa milimita moja ya urefu, msimamo tofauti utaificha. Kichwa kikizidi kwa nusu milimita, hakuna kitakachokificha.

Wiki ya 2: Maandalizi

Resini ya kumimina hutoka kwenye kalibu ikiwa na utando wa mafuta unaoizuia isinate. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, dakika 10, halafu ikauke usiku kucha. Ukiruka hatua hii, praima (rangi ya msingi ya kushikisha) itashika siku ya kwanza na kubambuka kama ganda la kitunguu siku utakapobandika utepe wa kufunikia.

Vikonyo vya kumiminia hukatwa kwa msumeno mwembamba, kazi yote ikiwa imeloweshwa. Vumbi la resini halifai kabisa mapafuni. Maji hulishika, na barakoa hubaki usoni mpaka meza ifutwe. Msasa namba 400 kwa mishono ya kalibu, kisha 800. Pale ambapo mshono unapita juu ya manyoya au mikunjo ya kitambaa, msasa unaharibu. Hapo tumia ncha ya kisu, ukikwaruza kuelekea kwako kwa uzito wa kisu chenyewe.

Mguu wa kulia wa sanamu ya 2 ulikuja umepinda nje kwa milimita 2. Dawa: maji ya moto nyuzi 70 hivi, sekunde 30, nyoosha kwa vidole, tumbukiza maji baridi hapo hapo ukiwa bado umeushika. Ukiuachia upoe hewani, resini inakumbuka kalibu na kurudi nusu ya njia.

Viungo vyote vina pini. Waya wa shaba milimita 0.8 kwa miguu na kiuno, 0.5 kwa mikono. Shimo litobolewe kwa keekee ndogo ya mkono, liwe kubwa kuliko waya kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, kina milimita 4. Namna ya kupata mashimo yanayokutana: toboa upande mmoja, weka tone la rangi mbichi kwenye mdomo wa shimo, gusanisha vipande, doa linaonyesha pa kutoboa upande wa pili. Supagluu inatosha kwa resini. Kwa madini haitoshi peke yake, kwa kuwa uzito wa mkono wa madini ukitikiswa hukata gundi hiyo kama kioo. Huko ni epoksi ya dakika 5.

Sanamu iliyochapishwa inadanganya macho. Ikitoka boksini inaonekana safi, kumbe mgongoni kuna mistari ya tabaka inayosubiri rangi ya kwanza ijitokeze. Vijiti vya kuishikilia viling'olewa baada ya kulowekwa maji ya moto kwa dakika moja. Vikikatwa vikiwa vikavu huondoka na kipande cha sanamu. Praima nzito mara mbili, msasa namba 1000 uliolowa katikati ya kila tabaka la rangi, na mgongo ukanyooka. Mikunjo ya ndani iliachwa, maana msasa haufiki na macho pia hayafiki.

Wiki ya 3 na 4: Rubani wa Lancaster

Ndani ya Lancaster kulikuwa na watu saba. Sita walivaa mikanda ya kifuani, na parachuti zao ziliwekwa pembeni, zikachomekwa kwenye ndoana wakati wa kuruka. Rubani peke yake alikalia ya kwake. Sanamu ya rubani wa Lancaster yenye ndoana mbili kifuani ni mlenga mabomu aliyepewa mabawa ya mtu mwingine. Sanamu hii ilikuja na ndoana hizo. Zilinyolewa kwa kisu, mikanda yote ikaondolewa, kazi ikaanza upya.

Mfuko wa parachuti ya kukalia ulijengwa kwa epoksi ya kuchonga: milimita 12 kwa 11, unene 5. Epoksi huchanganywa kiasi sawa kwa sawa mpaka rangi iwe moja bila mistari. Ukiukosea uwiano, itabaki laini kama ufizi hata baada ya siku tatu. Mfuko unaning'inia chini ya makalio, nyuma ya mapaja, na unamlazimisha mtu aliyesimama kuinama mbele kidogo na kutembea kama bata. Kiuno cha sanamu kilisogezwa mbele nyuzi 5 hivi kwa kukata nusu ya kiungo na kujaza nyuma. Bila hilo, mfuko unaonekana umebandikwa na kijana mwenyewe hana habari kwamba ameubeba.

Mikanda: upana halisi ni karibu sentimita 4.5, kwa hiyo hapa ni milimita 1.4. Karatasi nyembamba ya risasi inapinda vizuri kuliko plastiki na haitaki kurudi. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, mapande marefu, mengi kuliko unayohitaji, kwa sababu theluthi moja itapinda ukingoni. Kisanduku cha kufungulia katikati ya tumbo ni kisahani cha plastiki cha milimita 2 chenye mfuo katikati.

Mpangilio wa tabaka ndio unaokosewa zaidi. Kwanza sare, juu yake jaketi okozi la njano, waliloliita Mae West, na juu kabisa mikanda ya parachuti. Mtu akiangukia baharini anavua mikanda, jaketi linabaki mwilini. Mchongaji akiweka jaketi juu ya mikanda, amemzamisha.

Barakoa ya oksijeni ya aina G, ya mwaka 1942, inaning'inia upande mmoja wa kofia. Bomba lake la mikunjo lina unene halisi wa sentimita 2.5 hivi, yaani milimita 0.8. Limetengenezwa kwa waya laini wa kulehemu wa milimita 0.5 uliozungushiwa waya wa shaba wa 0.15, mzunguko kwa mzunguko bila nafasi. Hesabu inatoka sawasawa: 0.5 na 0.15 mara mbili. Zungusha kwanza ukiwa umenyoosha, ndipo upinde. Ukipinda kabla, mizunguko ya nje inaachana na bomba linafanana na kamba iliyofumuka. Jaribio la kwanza liliachana hivyo hivyo kwenye kona ya kidevu, likatupwa.

Filimbi kwenye ndoana ya kola ya kushoto iliongezwa: kipande cha waya wa shaba kilichopondwa ncha, urefu milimita 2. Ilikuwa ya kuitia msaada usiku majini. Kitu kidogo, lakini jicho la mjuzi huenda pale kwanza.

Rangi ya sare. Kosa la kila mtu ni bluu. Kitambaa cha RAF ni kijivu kilichoingiwa na bluu, na kwenye skeli ndogo bluu hujikuza yenyewe. Mchanganyiko uliotumika, kwa namba za rangi za kampuni ya Vallejo: 70.867 sehemu 4, 70.862 sehemu 1. Kivuli ni hiyo hiyo ikiongezewa 70.950, nyeusi. Mwanga unaongezwa kwa 70.819, rangi ya mchanga, wala si nyeupe. Nyeupe inaipa sufu uso wa chaki. Rangi iwe nyepesi kama maziwa, tabaka sita au saba badala ya mawili mazito.

Jaketi okozi: usitie nyeusi kwenye njano. Njano na nyeusi huzaa kijani, na jaketi linaonekana limeota ukungu. Vivuli vilipigwa kwa kahawia 70.984 iliyotiwa tone la njano ya dhahabu 70.948, msingi ni njano hiyo iliyopunguzwa makali kwa kahawia kidogo, na mwanga ni njano yenye rangi ya mchanga.

Beji ya mabawa ina upana wa milimita 3 tu. Kwanza kiraka cheusi, halafu mabawa mawili kwa nyeupe iliyochafuka, mistari miwili kila upande na si zaidi, kisha duara la kahawia katikati na nukta moja juu yake kwa taji. Usijaribu herufi. Tepe tatu za usajenti zilichorwa kwa brashi namba 0 yenye ncha nzima. Brashi ya 10/0 inakauka kabla haijafika sanamuni.

Uchakavu: kidogo sana. Kuna mtindo wa kuwachanachana marubani hawa kama waliokaa vitani miaka kumi. Kikosi cha ndege za mabomu cha RAF kilipoteza watu 55,573 kati ya wahudumu wa ndege kama 125,000, na zamu ya kwanza ilikuwa safari 30. Sajenti wa mapema 1943 kwa kawaida alikuwa na nguo mpya. Kilichochakaa ni magoti, kingo za mifuko, na pale ambapo mkanda unasugua bega.

Wiki ya 5: Rubani wa B-17

Huyu yuko ardhini, na ni lazima awe ardhini. Jaketi la ngozi la A-2 peke yake halikutosha mita 7,500 juu, ambako baridi ilishuka nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Kwa hiyo hana barakoa, hana buti za manyoya; ana A-2, jaketi okozi la B-4 lililoachwa wazi, na kofia ya sare iliyotolewa waya wa kuikaza ili vipokea sauti vikae juu yake. Ndiyo maana pande zake zimeporomoka. Mchongaji alikuwa ameifanya imeporomoka sawasawa pande zote kama chapati. Ilichongwa upya: utepe wa vipokea sauti ulibonyeza katikati, kwa hiyo bonde liko juu na masikio ya kofia yameshuka kulia na kushoto.

Mgongoni mwa jaketi kuna mabomu yaliyochorwa, moja kwa kila safari. Mchoro uliokuja na boksi ulionyesha 28. Mwaka 1943 zamu ya Jeshi la Nane ilikuwa safari 25. Ilipandishwa hadi 30 mwaka 1944, baadaye 35. Mtu wa Septemba 1943 mwenye mabomu 28 angehitaji maelezo, na mwenye 25 amekwisha maliza, yuko njiani kurudi kwao. Yakapigwa 18, safu tatu za sita, kila bomu milimita moja kwa 0.4, kwa njano iliyofifishwa. Ncha ya juu ya safu ya tatu ilipinda. Imeachwa, maana mabomu ya kweli yalichorwa kwa mkono pia.

Ngozi ya jaketi: msingi 70.872, kahawia nzito. Mwanga kwa kahawia nyekundu kwenye mabega na mikunjo ya viwiko. Halafu rangi ya mafuta ya kahawia iliyoyeyushwa na tapentaini, ikae dakika 20, ifutwe kwa brashi kavu kuelekea chini. Ngozi isiwe ya kung'aa wala kavu kama karatasi. Vanishi ya nusu-mng'ao peke yake ndiyo inayoitenga na suruali ya sufu.

Wiki ya 6: Rubani wa Heinkel

Kazi fupi, mchongo mzuri. Ovaroli ya kiangazi, kofia yenye wavu utosini, jaketi okozi la kapok (sufi) lenye mifuko minene kama soseji. Cheo kwenye ovaroli kiko juu ya mikono yote miwili: vibawa vilivyochorwa kwa mtindo, na ofisa huongezewa mstari chini yake. Maelekezo ya boksi yalimpa vibawa viwili na mstari, yaani Oberleutnant, luteni wa kwanza. Hakuna ubaya, ila katika ndege za Ujerumani za wakati ule mara nyingi kamanda wa ndege alikuwa mtazamaji, na rubani alikuwa na cheo cha chini yake. Amepewa kibawa kimoja bila mstari, Unteroffizier, cheo cha chini ya ofisa. Uso wa kijana aliyechongwa unakubaliana zaidi na cheo hicho.

Tupa huziba haraka kwa aloi ya bati. Isugulie chaki kabla ya kuanza, unga utaanguka wenyewe.

Wiki ya 7: Rubani wa Po-2

Kikosi cha 588 kilikuwa cha wanawake, kilianza mashambulizi Juni 1942, na mwaka 1943 kikapewa heshima ya Walinzi na kuitwa Kikosi cha 46. Ndege yao ilikuwa ya mbao na kitambaa, viti viwili vya wazi, rubani mbele na nevigeta nyuma.

Hitilafu mbili kwenye sanamu. Ya kwanza, mikanda ya parachuti. Kikosi hiki kiliruka bila parachuti mpaka 1944, hivyo mikanda imeondolewa na mikunjo ya koti ikajazwa epoksi. Ya pili ni ndogo na mbaya zaidi. Koti limefunguliwa shingoni, na ndani inaonekana kola ya kusimama. Jeshi la Kisovieti lilibadili sare Januari 1943: likaja na vipande vya mabegani na kola ya kusimama. Kabla ya hapo shati lilikuwa na kola ya kulala yenye alama za cheo. Kwa mtu wa mwishoni mwa 1942 kola ilibidi ikatwe kwa tupa ya mviringo na kuchongwa upya, pembe mbili za milimita 1.5 kila moja. Kazi ya saa mbili kwa kitu ambacho wengi hawatakiona, lakini mwaka wa sanamu umeandikwa pale na si penginepo.

Manyoya ya kola ya koti: epoksi ikae dakika 40 hivi baada ya kuchanganywa ndipo ichomwe. Ukianza mapema, inanata kwenye sindano na kuinuka kama ugali mbichi. Ukichelewa sana, unapata vishimo badala ya nywele. Sindano ilowe maji, ichome kwa kushuka na kuvuta, mafungu madogo yanayoelekea pande tofauti. Manyoya ya kondoo hayalali upande mmoja kama ya paka. Rangi: msingi mchanga uliochafuka, rangi ya mafuta ya kahawia iliyoyeyushwa sana ishuke mabondeni, kisha ncha ziguswe kwa brashi kavu yenye rangi ya pembe.

Buti aliachiwa kubwa. Walipewa nguo za kiume, na mchongaji alilijua hilo.

Theluji ya kitako haikuwekwa magadi. Magadi ni meupe siku ya kwanza, baadaye hugeuka njano. Zimetumika chembe ndogo za kioo zilizochanganywa na gundi nyeupe na tone la rangi nyeupe, zikapakwa nyembamba mara tatu.

Wiki ya 8: Nyuso

Macho kwanza, uso baadaye. Makosa ya macho yanafutwa kwa rangi ya ngozi. Jicho zima lina upana wa milimita moja hivi. Mstari wa kahawia nzito, juu yake nyeupe iliyotiwa ngozi kidogo, nukta ya mboni inayogusa kope ya juu na ya chini. Mboni ikielea katikati ya weupe, rubani amepigwa na butwaa.

Rubani wa Lancaster ametoka kutua. Barakoa iliyokaa usoni saa nyingi huacha alama: mstari mwekundu kutoka daraja la pua, ukipita mashavuni hadi chini ya kidevu. Umepigwa kwa 70.814 iliyoongezwa maji mpaka iwe kama chai, mapito mawili, na ngozi ya ndani ya mstari ikaachwa nyeupe kidogo kuliko ya nje.

Uso wa nevigeta wa Mosquito ulichukua siku tatu, kwa sababu maelekezo mengi ya rangi yanaishia kwenye ngozi nyeupe. Anayeyafuata huongeza mwanga kwa rangi ya ngozi ya Mzungu, na uso mweusi unapauka kama usiopakwa mafuta wakati wa kipupwe. Njia iliyofanya kazi: msingi 70.846 na 70.822 nusu kwa nusu. Mwanga wa kwanza ni 70.846 tupu kwenye mashavu, pua na kidevu. Wa pili ni hiyo hiyo ikiongezewa 70.981, kahawia ya machungwa, kwenye ncha ya pua, juu ya shavu na paji la uso. Mchanga wa 70.819 uliingia mwisho kabisa, tone moja, kwenye paji la uso tu. Vivuli havikuwa vyeusi bali 70.822 na bluu kidogo sana, chini ya taya na pembeni mwa macho. Mdomo wa chini una wekundu uliokolea, wa juu ni mweusi zaidi. Kisha vanishi ya nusu-mng'ao kwenye paji la uso na pua, maana ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa weupe. Hapo uso ukaamka.

Utepe wa DFC una michirizi ya mshazari, nyeupe na zambarau. Kwa upana wa milimita moja hakuna anayeweza kuichora yote. Mistari mitatu ya zambarau ya mshazari juu ya nyeupe inatosha, jicho linajaza zilizobaki. Wa DSO, mwekundu wenye kingo za bluu, unakaa kabla yake, upande wa katikati ya kifua. Miguuni nevigeta huyu ana buti za 1943: kiatu cheusi cha kawaida kilichoshonewa shingo ya ngozi ya suedi, ili aliyeangukia nchi ya adui aikate kwa kisu na kubaki na viatu vya kiraia. Kiatu kimepewa mng'ao, shingo imeachwa kavu, na mpaka wao kwenye kifundo ukachorwa kwa mstari mwembamba mweusi.

Wiki ya 9: Vanishi

Sanamu nne zilipuliziwa vanishi kavu (isiyong'aa) asubuhi, hakuna shida. Ya Po-2 ilipuliziwa jioni baada ya mvua, ikakauka na ukungu mweupe mabondeni mwa koti. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 au hivi, maji hunaswa ndani ya vanishi. Tabaka nene huzidisha. Dawa ya kawaida ni kupaka vanishi ya mng'ao juu yake, isubiri siku nzima, kisha vanishi kavu nyembamba siku ya hewa kavu. Koti limepona kwa asilimia kubwa. Kofia haijapona: weupe uko chini ya ukingo wa miwani, ambako vanishi ilijikusanya.

Wiki ya 10: Kabati na kadi

Kabati ni la chuma kilichopakwa rangi na kioo. Mwaloni ulikataliwa licha ya kupendeza. Mbao hiyo hutoa mvuke wa asidi ya siki, na mvuke huo hula risasi: unga mweupe huota miguuni na kwenye mikunjo, sanamu inaliwa ikitokea ndani. Mbao za kubandika nazo hutoa mivuke ya aina yao, na katoni za asidi vilevile. Hili linahusu zaidi sanamu za zamani za risasi, kama zile za tundu ndani ambazo Britains, kampuni ya Kiingereza ya wanasesere, walianza kuzimimina 1893, lakini mikusanyo huchanganyika na kabati hudumu kuliko mpango.

Ukiona unga mweupe: itenge sanamu siku hiyo hiyo. Safisha nje ya nyumba, glavu na barakoa, brashi laini, unga uanguke kwenye karatasi iliyolowa na usipeperuke, kwa kuwa ni sumu. Suuza kwa maji yaliyochemshwa mvuke, kausha kabisa. Rangi ya kiwandani kwenye kipande cha zamani usiiguse hata kama imebanduka nusu; ukiipaka upya umebaki na mwanasesere mwenye rangi mpya. Unyevu kabatini uwe asilimia 45 hadi 50 kwa vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, taa za LED zikae nje ya kioo ili joto lake lisiingie.

Kila sanamu ina kadi: mtengenezaji, skeli, malighafi, namba za rangi na uwiano wake, kilichobadilishwa na sababu, picha ya mbele na ya nyuma. Namba za rangi ndizo zitakazotumika kwanza, siku mkono utakapovunjika.

Angalizo la ununuzi. Sanamu ya 2 ilifika mara mbili, kwani ya kwanza ilikuwa nakala iliyomiminwa kutoka sanamu nyingine na ikarudishwa kwa muuzaji. Dalili: fupi kuliko vipimo vilivyotangazwa kwa milimita 1.5, bizimu zisizo na kona, viputo kwenye ncha za vidole, na jina la mtengenezaji chini ya kitako limekwaruzwa.

Kilichobaki: kuondoa miwani ya sanamu ya 4 kwa wembe, kusugua weupe wa ukingo kwa kijiti cha pamba chenye pombe ya kusafishia kidogo sana, kupaka kofia upya kuanzia kwenye msingi, kisha vanishi kwa brashi badala ya kupuliza. Miwani isipong'oka nzima, kuna jozi ya akiba kwenye boksi la sanamu ya 1, lakini ni ya Kiingereza, haitatumika.